Nyimbo za Walioshindwa: Ushairi wa Uasi nchini Ireland

Kati ya mwaka 1601 na mwaka 1916 Waairishi walishika silaha mara kadhaa kuupinga utawala wa Uingereza katika kisiwa chao, na kila mara waliishia kushindwa. Ardhi yao ilichukuliwa, viongozi wao walinyongwa au walikimbilia ng'ambo, na lugha ya Kiairishi ilisukumwa hadi vijiji vya pwani ya magharibi. Wakulima na vibarua walibaki na nyimbo. Anayezisoma kwa mfuatano wa miaka huona jambo moja mapema: nyingi hazikutungwa vitani. Zilitungwa baadaye, pengine baada ya miaka 50 au 100, na watu ambao hawakuwahi kushika mkuki, kisha zikawa ndizo zilizokiandaa kizazi kilichofuata kwa vita vyake.

Kabla ya karne ya 17 ushairi wa Kiairishi ulikuwa kazi ya kurithi. Kila mtawala wa ukoo alikuwa na malenga wake, ambaye alilipwa kwa ardhi na ng'ombe ili amsifu bwana wake, ahifadhi nasaba yake na kumwombolezea akifa. Malenga huyo alisomea kazi yake kwa miaka mingi katika chuo cha ushairi. Wanafunzi walipewa mada, kisha kila mmoja akalala gizani chumbani mwake akitunga kichwani bila kalamu, hadi taa zilipoletwa na tungo zikaandikwa. Kanuni za mizani na vina zilikuwa kali, na aliyezimudu aliheshimiwa kama kadhi au tabibu.

Mfumo huo ulivunjika pamoja na mabwana walioulipia. Mwaka 1601 majeshi ya Hugh O'Neill na Hugh Roe O'Donnell yalishindwa huko Kinsale, kusini mwa kisiwa, ingawa Hispania iliwaletea askari. Mwaka 1607 O'Neill na wakuu wenzake wa kaskazini walipanda meli kwenda Ulaya bara, na mashamba yao ya Ulster yakagawiwa walowezi wa Kiprotestanti kutoka Scotland na Uingereza. Oliver Cromwell alifika na jeshi lake mwaka 1649, na unyang'anyi wa ardhi uliofuata ulikuwa mkubwa zaidi. Kisha Mfalme James II wa ukoo wa Stuart, aliyekuwa Mkatoliki, akashindwa na William wa Orange kwenye Mto Boyne mwaka 1690. Mwaka uliofuata, chini ya mkataba wa Limerick, maelfu ya askari Wakatoliki waliondoka kwenda kulitumikia jeshi la Ufaransa. Sheria zilizotungwa baada ya hapo ziliwazuia Wakatoliki kununua ardhi, kushika vyeo, kuendesha shule na hatimaye kupiga kura.

Aogán Ó Rathaille, aliyezaliwa karibu mwaka 1670 katika milima ya Kerry, alilelewa kwa matumaini ya maisha ya zamani ya malenga na akaishi kuyaona yakizikwa. Mashairi yake yana hasira ya mtu aliyeandaliwa kuketi mezani na wakuu, kisha akaishia kula samaki duni na konokono wa pwani. Ni yeye aliyeukomaza mtindo wa aisling, yaani shairi la njozi. Katika mtindo huo mshairi yuko peke yake porini au kando ya mto. Anatokewa na mwanamke wa uzuri usio wa dunia hii, anamuuliza yeye ni nani, na mwanamke anajitambulisha kuwa ndiye Ireland, mchumba aliyeachwa, anayemngoja mfalme halali wa ukoo wa Stuart arudi na meli kutoka ng'ambo. Uhaini ulisemwa hivyo kwa lugha ya mapenzi. Wimbo Mo Ghile Mear wa Seán Clárach Mac Domhnaill, unaoimbwa na kwaya nyingi hadi leo, uko karibu na mtindo huo. Ireland mwenyewe ndiye anayelia ndani yake, akimlilia Mwanamfalme Charles Edward Stuart, ambaye jeshi lake lilivunjwa huko Culloden, Scotland, mwaka 1746.

Bingwa wa mwisho wa mtindo huo alikuwa Eoghan Rua Ó Súilleabháin, aliyeishi kati ya 1748 na 1784. Maisha yake yanaonyesha jinsi ushairi ulivyokuwa umeteremka kutoka kasri hadi shambani. Alikuwa kibarua wa mavuno, mwalimu wa shule zisizo rasmi za vijijini, kisha baharia katika jeshi la majini la Uingereza. Mwaka 1782, baada ya Admirali Rodney kuwashinda Wafaransa katika Bahari ya Karibiani, Eoghan Rua alimtungia wimbo wa sifa kwa Kiingereza akitumaini kuachiliwa kutoka jeshini. Hakuachiliwa. Mtu yuleyule aliyeota kurudi kwa mfalme aliyefukuzwa alilazimika kumsifu mtumishi wa mfalme aliyekuwapo. Kasoro ya aisling nayo ni ya kweli: mwanamke anangoja, mshairi anangoja, na kodi ya shamba hakuna anayeitaja.

Shairi kuu la karne hiyo halikutoka kwa malenga wa kiume. Mwaka 1773 Art Ó Laoghaire, kijana Mkatoliki aliyekuwa kapteni katika jeshi la Austria, alikuwa amerudi kwao Cork akiwa na farasi mzuri. Sheria ilimruhusu Mprotestanti kumtaka Mkatoliki amuuzie farasi yeyote kwa pauni 5. Inasimuliwa kwamba Abraham Morris, aliyekuwa na cheo cha serikali katika eneo hilo, alidai haki hiyo na Art akakataa. Alitangazwa kuwa nje ya ulinzi wa sheria, na tarehe 4 Mei akapigwa risasi na askari huko Carraig an Ime. Farasi alirudi nyumbani bila mpandaji. Mkewe, Eibhlín Dubh Ní Chonaill, alimrukia farasi huyo, akampeleka mbio hadi penye maiti, na hapo akaanza kuomboleza.

Caoineadh Airt Uí Laoghaire ni mbolezi, na ilitungwa katika desturi ya wanawake walioitwa kwenye matanga kulia kwa ushairi. Beti zake ni fupi na hazina urefu maalumu, kila moja ikianza kwa kumwita marehemu kwa jina la mapenzi. Ndani yake mna mavazi yake, soko walikoonana mara ya kwanza, watoto waliobaki, ugomvi wa mjane na dada wa marehemu juu ya nani alimlilia kwa haki, na damu ambayo mke aliikinga kwa viganja akainywa. Kisha huzuni inageuka kuwa laana kwa Morris na ahadi ya kudai haki hadi kwa mfalme. Shairi liliishi vinywani kwa miongo kadhaa kabla ya kuandikwa kutokana na kumbukumbu za wanawake waombolezaji. Halitaji taifa wala mapinduzi. Linaonyesha jinsi sheria ya kikoloni inavyoingia hadi kitandani mwa watu wawili, na kwa sababu hiyo lina nguvu kuliko aisling zote zikiwekwa pamoja.

Mwishoni mwa karne hiyohiyo siasa ilibadilika ghafla. Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789 yaliwapa Waairishi hoja mpya: badala ya kumngoja mfalme, watu wangeweza kuanzisha jamhuri. Chama cha Waairishi Walioungana kilianzishwa Belfast mwaka 1791, na miongoni mwa waanzilishi wake alikuwa Theobald Wolfe Tone, wakili Mprotestanti. Lengo lilikuwa kuwaunganisha Wakatoliki, Wapresbiteri na Waanglikana dhidi ya utawala wa London. Julai 1792, katika siku zilezile mji huo ulipoadhimisha kuanguka kwa Bastille, Belfast iliwakusanya wapiga vinubi wa mwisho wa mapokeo ya zamani, wengi wao wazee na vipofu. Edward Bunting, kijana wa miaka 19, aliajiriwa kuyaandika mahadhi yao. Bila kazi hiyo sehemu kubwa ya muziki wa kale wa kisiwa hicho ingezikwa pamoja nao.

Chama kilichukua kinubi kuwa nembo yake, na mwaka 1795 kikachapa kitabu cha nyimbo kilichoitwa Paddy's Resource. Nyimbo zake zilikuwa za Kiingereza, na nyingi zilivikwa mahadhi ambayo kila mtu aliyajua tayari. Hiyo ndiyo mbinu iliyotawala nyimbo za uasi kuanzia hapo. Lahani ya zamani ilibeba maneno mapya, mtu akaushika wimbo kwa kuusikia mara moja, na polisi akisikia filimbi barabarani hakujua ni maneno gani yaliyo kichwani mwa anayeipiga. Watungaji wa mitaani walichapa maneno kwenye karatasi moja yenye picha juu, wakaiuza kwa senti chache sokoni, kwenye maonyesho ya mifugo na hata chini ya mti wa kunyongea. Wimbo wa namna hiyo ulianza kwa kuwaita watu wasogee wasikilize, ukataja tarehe, mahali na majina, ukasimulia tukio kwa mpangilio na kumaliza kwa dua au kwa kuaga. Ulikuwa gazeti la asiyejua kusoma.

Uasi wenyewe ulizuka Mei 1798. Huko Wexford, kusini mashariki, wakulima wenye mikuki mirefu wakiongozwa na watu kama Padri John Murphy wa Boolavogue waliwashinda askari mara kadhaa, kabla ya kuvunjwa kwenye kilima cha Vinegar Hill tarehe 21 Juni. Kikosi cha Wafaransa kilichotua Mayo mwezi Agosti kilichelewa na kilikuwa kidogo. Wolfe Tone alikamatwa baharini na kufa gerezani mwezi Novemba. Walikufa watu wengi mno katika majira mamoja ya joto, na makadirio ya kawaida huanzia 10,000 na kuendelea. Waasi waliitwa croppies kwa sababu ya nywele walizokata fupi kwa mtindo wa wanamapinduzi wa Ufaransa. Wengi walijaza mifuko ya makoti shayiri, chakula cha kutafuna njiani, na inasimuliwa kwamba mwaka uliofuata shayiri iliota juu ya makaburi ya halaiki walimozikwa.

Aliyeziingiza nyimbo za kisiwa hicho kwenye sebule za matajiri alikuwa Thomas Moore, mwana wa muuza vyakula wa Dublin. Chuoni alikuwa rafiki wa Robert Emmet, kijana aliyejaribu uasi mwingine mdogo mwaka 1803 na akanyongwa Septemba mwaka huohuo. Kati ya 1808 na 1834 Moore alichapa mfululizo wa Irish Melodies, akivika maneno ya Kiingereza laini mahadhi ambayo mengi yalitoka kwa Bunting. Emmet yumo humo bila kutajwa jina. Wakosoaji wamemlaumu Moore kwa kuligeuza jeraha kuwa pambo, na lawama hiyo ina ukweli. Hata hivyo, mabibi wa London walioimba nyimbo zake kando ya piano walikuwa wakiimba kumbukumbu ya watu waliouawa na serikali yao wenyewe, na hilo si jambo dogo.

Kiwanda halisi cha nyimbo za uasi kilikuwa gazeti. The Nation lilianzishwa Dublin Oktoba 1842 na Thomas Davis, Charles Gavan Duffy na John Blake Dillon. Davis, Mprotestanti aliyesomea sheria, aliamini kwamba taifa lisilo na nyimbo zake haliwezi kujijua. Kwa kuwa hakuona za kutosha, aliketi akaziandika. A Nation Once Again ni wake, na mwaka 2002 wasikilizaji wa BBC duniani kote waliupigia kura kuwa wimbo wanaoupenda kuliko wote. Gazeti lilisomwa kwa sauti majumbani na kwenye karakana, na mashairi yake yalikusanywa mwaka 1843 katika kijitabu The Spirit of the Nation kilichochapwa tena na tena. Davis alifariki mwaka 1845 kabla hajatimiza miaka 31.

Hapo ndipo mwaka 1798 ulipozaliwa upya. The Memory of the Dead, wimbo unaouliza kwa nini watu wanaogopa kuutaja mwaka huo, ulichapwa mwaka 1843 bila jina la mtunzi. Aliyeuandika alikuwa John Kells Ingram, mwanafunzi wa Trinity College, baadaye profesa aliyeheshimika ambaye hakuunga mkono uasi wa zama zake. Alikiri hadharani kuwa ni wake mwaka 1900, akiwa mzee. The Croppy Boy, kisa cha kijana anayekwenda kuungama kwa padri ambaye kumbe ni askari aliyejificha ndani ya joho, ulichapwa mwaka 1845. The Rising of the Moon ni wa John Keegan Casey, aliyezaliwa mwaka 1846. Boolavogue, wimbo ambao watu wengi hudhani ulitoka moja kwa moja kwenye kambi ya Padri Murphy, ulitungwa na Patrick Joseph McCall wa Dublin mwaka 1898, kwa maadhimisho ya miaka 100.

Kwa hiyo nyimbo mashuhuri za 1798 zinaeleza karne ya 19 kuliko zinavyoeleza 1798. Padri anakuwa kiongozi wa asili wa wananchi, ingawa maaskofu wengi waliulaani uasi. Wapresbiteri wa kaskazini, waliokuwa chimbuko la chama chenyewe na waliopigana Antrim na Down, wanafifia. Mauaji ya Waprotestanti kwenye ghala la Scullabogue, Wexford, yaliyofanywa na upande wa waasi, hayaimbwi. Wimbo huchagua, na msikilizaji anayetaka historia analazimika kutafuta pia kile ambacho wimbo umekiacha.

Njaa Kuu iliyoanza mwaka 1845, ugonjwa ulipoozesha viazi, iliua takriban watu milioni moja na kuwasukuma zaidi ya milioni moja kuhama. Hesabu ya watu ilishuka kutoka milioni 8.2 mwaka 1841 hadi milioni 6.6 mwaka 1851, huku nafaka na mifugo ikiendelea kusafirishwa nje. Ajabu ni uchache wa nyimbo zilizotungwa katikati ya msiba huo. Jane Wilde, mama wa Oscar Wilde, aliandika katika The Nation kwa jina la Speranza mashairi makali ya kuwashtaki wenye mashamba na serikali. Kwa Kiairishi, Máire Ní Dhroma wa Waterford alitunga wimbo wa viazi vyeusi, akikataa kabisa kumsingizia Mungu mateso ya maskini waliofungiwa nje ya rehema. Sauti kama yake ni adimu. Wengi ambao wangetunga walikufa, na waliosalia walipitisha miaka mingi bila kutaka kusimulia.

Waliohama walibeba chuki yao hadi Marekani, na huko kukapatikana fedha na nafasi ya kuupanga uasi mpya. Chama cha siri cha Wafenia kilianzishwa mwaka 1858, na jaribio lake la 1867 lilizimwa kwa siku chache. Novemba mwaka huo wanaume watatu, William Allen, Michael Larkin na Michael O'Brien, walinyongwa hadharani kwa kifo cha polisi aliyeuawa wakati wafungwa wa Kifenia walipokombolewa huko Manchester. Kabla mwezi uliofuata haujaisha, Timothy Daniel Sullivan alikuwa ameshatoa God Save Ireland, akiuchukulia mahadhi ya wimbo wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Huu ni mmoja wa ile michache iliyotungwa tukio likiwa bado moto, na kwa takriban miaka 50 Waairishi wazalendo waliutumia kama wimbo wa taifa wasilokuwa nalo.

Uasi wa Pasaka ya 1916 ulipangwa na watu waliolelewa na nyimbo hizo. Kati ya watu 7 waliotia saini tangazo la jamhuri, watatu walikuwa washairi waliochapisha vitabu: Patrick Pearse, mwalimu mkuu wa shule aliyeandika kwa Kiairishi na Kiingereza, Thomas MacDonagh, mhadhiri wa chuo kikuu, na Joseph Plunkett, aliyetoka kitandani akiwa mgonjwa kwenda vitani. Pearse aliuchukua wimbo wa zamani Óró, Sé do Bheatha 'Bhaile na kumweka ndani yake Gráinne Mhaol, mwanamke nahodha wa karne ya 16, mahali pa mwanamfalme wa Stuart. Vita vilianza Dublin tarehe 24 Aprili na vikaisha kwa siku 6. Walikufa karibu watu 500, zaidi ya nusu yao raia. Kati ya tarehe 3 na 12 Mei viongozi 15 walipigwa risasi, mmoja au wachache kila safari, na kila asubuhi ya habari hizo iligeuza mioyo ya watu ambao mwanzoni waliulaani uasi. Plunkett alifunga ndoa na Grace Gifford katika kanisa la gereza la Kilmainham saa chache kabla ya kuuawa. Wimbo Grace, unaowaliza watu kwenye harusi na mazishi leo, ulitungwa mwaka 1985.

William Butler Yeats aliwajua wengi wa waliouawa. Shairi lake Easter, 1916 lina tarehe ya Septemba mwaka huo, lakini nakala za kwanza zilikuwa chache za kugawiwa marafiki, na umma uliliona gazetini mwaka 1920. Lina beti 4 zenye mishororo 16, 24, 16 na 24, na wasomaji wengi wameiona humo tarehe ya uasi wenyewe. Ukubwa wa shairi hilo uko katika kusita kwake. Yeats anakiri kwamba aliwadharau watu hao. Anamtaja John MacBride, mume aliyemtesa Maud Gonne, mwanamke ambaye Yeats alimpenda maisha yake yote, na bado anampa nafasi yake. Anauliza kama vifo hivyo vilikuwa na haja, na anaogopa kinachoupata moyo unaojitoa kwa muda mrefu mno. Hakuna wimbo wa mtaani uliothubutu kuuliza hayo, na ndiyo sababu shairi hilo linasomwa hata na watu wasiojali siasa za Ireland.

Francis Ledwidge, mfanyakazi wa barabara kutoka Slane, alikuwa askari wa Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia aliposikia kwamba MacDonagh, rafiki yake, ameuawa na jeshi ambalo yeye mwenyewe alivaa sare yake. Alimtungia mbolezi fupi kwa Kiingereza chenye vina vya ndani vya Kiairishi. Kombora lilimuua karibu na Ypres tarehe 31 Julai 1917. The Foggy Dew, alioutunga Padri Charles O'Neill baada ya vita hivyo, unawasikitikia maelfu kama Ledwidge waliofia ng'ambo badala ya kufia Dublin, na kwa miongo mingi taifa lililozaliwa lilikubaliana na wimbo huo na kuwanyima askari hao kumbukumbu.

Wa mwisho kuuawa kwa ajili ya Pasaka ile alikuwa Roger Casement, jina linalopaswa kujulikana Kongo kama linavyojulikana Dublin. Akiwa konsuli wa Uingereza mjini Boma alisafiri kuupanda Mto Kongo mwaka 1903, akaandika ushahidi wa waliokatwa mikono, mateka na vijiji vilivyohamwa kwa ajili ya mpira wa Mfalme Leopold II. Ripoti yake ya 1904 ilichangia kuuondoa utawala binafsi wa mfalme huyo mwaka 1908. Mwenyewe alieleza kwamba ni huko, katika misitu ya Kongo, alikojitambua kuwa Mwairishi. Aprili 1916 alishushwa na nyambizi ya Kijerumani pwani ya Banna, Kerry, akakamatwa, na tarehe 3 Agosti akanyongwa London. Kuna wimbo wa watu kuhusu pwani hiyo, na Yeats alimwandikia mashairi mawili ya hasira miaka 20 baadaye.

Vita vya uhuru vya 1919 hadi 1921 vilileta nyimbo nyepesi na za haraka. Uliodumu kuliko zote ni ule wa Kevin Barry, mwanafunzi wa udaktari wa miaka 18 aliyenyongwa Dublin tarehe 1 Novemba 1920. Mtunzi wake hajulikani, na Paul Robeson, mwimbaji Mmarekani mweusi, aliurekodi pamoja na nyimbo za uhuru za mataifa mengine. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyofuata mwaka 1922, ndugu dhidi ya ndugu juu ya mkataba na London, vilikausha koo. Nyimbo chache zilitoka upande ulioshindwa, na washindi karibu hawakuimba kabisa. Mwaka 1926 serikali mpya iliupitisha Amhrán na bhFiann kuwa wimbo wa taifa. Maneno yake ya awali yaliandikwa kwa Kiingereza karibu mwaka 1907 na Peadar Kearney, mpaka rangi wa Dublin, na tafsiri ya Kiairishi ikafuata mwaka 1923.

Upande wa pili nao una hazina yake. Chama cha Orange, kilichoanzishwa mwaka 1795, huadhimisha kila tarehe 12 Julai ushindi wa Boyne kwa bendi za filimbi na ngoma kubwa za Lambeg. Nyimbo kama The Sash huimbwa na Waprotestanti wa Ulster kwa hisia ileile ambayo Wakatoliki huwa nayo wakiimba Boolavogue. Mahadhi mengi yamepita mpaka huo huku na huko. Aliyekulia mtaa mmoja wa Belfast anaweza kuijua lahani ambayo katika mtaa wa pili ina maneno ya kumtukana.

Machafuko ya Ireland Kaskazini, sehemu ya kisiwa iliyobaki chini ya Uingereza, yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuua zaidi ya watu 3,500 hadi mkataba wa Aprili 1998, yalizipa nyimbo hizo uzito mpya na wa hatari. Serikali ilipowafunga watu bila kesi Agosti 1971, The Men Behind the Wire ulitungwa na kuuzwa kwa wingi mno. Baada ya askari kuwapiga risasi raia huko Derry tarehe 30 Januari 1972, ambapo 13 walikufa siku hiyohiyo, Thomas Kinsella aliandika Butcher's Dozen, shairi la makusudi lililofuata mtindo wa karatasi za mitaani, kuipinga ripoti ya serikali iliyowasafisha askari. Bobby Sands, aliyekufa gerezani Mei 1981 baada ya siku 66 za mgomo wa kula, aliacha tungo ambazo Christy Moore aliziimba. Mwaka 1988 wimbo wa kundi la The Pogues kuhusu Waairishi 6 waliofungwa kwa kusingiziwa milipuko ya Birmingham ulizuiwa kwenye vituo vya utangazaji vya Uingereza. Watu hao waliachiwa huru mwaka 1991.

Seamus Heaney, mwana wa mkulima Mkatoliki wa Derry, alikuwa ameandika mwaka 1966 shairi la mishororo 14 juu ya waasi wa Vinegar Hill na shayiri yao. Mabomu ya IRA, jeshi la siri lililoupinga utawala wa Uingereza, yalipoanza aliacha kulisoma hadharani, kwa sababu hakutaka wafu wa 1798 waajiriwe kwa mauaji ya 1972. Uamuzi huo wa kunyamaza ni sehemu ya ushairi wake sawa na alichokichapa. Eavan Boland wa Dublin alihoji jambo jingine: mwanamke wa aisling, aliyesimama kwa karne tatu akiwa alama ya nchi, hakuwahi kuruhusiwa kuzeeka, kuona njaa wala kusema yaliyo yake. Naye Michael Longley wa Belfast, siku chache baada ya IRA kusitisha mapigano Agosti 1994, alichapa katika The Irish Times shairi Ceasefire. Alichukua kisa cha Homer cha Mfalme Priam anayepiga magoti mbele ya Achilles, muuaji wa mwanawe, ili apewe maiti akaizike. Ireland haitajwi ndani yake hata mara moja, na kila aliyelisoma wiki ile alijua linasema nini.

Swali la nani aimbe nini halijafungwa. Timu ya raga ya Ireland huchagua wachezaji kutoka kisiwa kizima, pamoja na Waprotestanti wa kaskazini ambao wimbo wa Kearney si wao. Kwa ajili hiyo chama cha raga kilimwomba Phil Coulter, mwana wa Derry, atunge Ireland's Call, nao ukatumika kwenye Kombe la Dunia la 1995 nchini Afrika Kusini. Kama ushairi haufiki karibu na kazi za Yeats wala za Eibhlín Dubh. Hauna uasi ndani yake, hauna mfalme, hauna aliyenyongwa. Timu ikicheza Dublin nyimbo zote mbili hupigwa. Ikicheza ugenini hupigwa Ireland's Call peke yake.